Kilimo cha mboga msimu wa baridi: Vita huamuliwa Machi, si Julai

KILA Juni inapoingia, mawingu mazito hushuka na kutua juu ya Limuru, Kinangop, Nyeri na viunga vya Nairobi, na jua huwa mgeni wa saa chache kwa siku. Mkazi wa mjini hutoa sweta sandukuni. Mkulima mwenye robo ekari ya mboga hana sweta la kuivika nyanya yake.

Msimu huo, unaoendelea hadi Agosti, ndio Waswahili wa pwani wanaouita kipupwe. Kule neno hilo lilikozaliwa, kipupwe ni kipindi cha nafuu: joto hupungua, upepo wa kusi huvuma kutoka baharini na watu hulala vizuri. Upepo huohuo ukipanda bara hubeba unyevu hadi kwenye miinuko iliyo mashariki ya Bonde la Ufa, na unyevu huo hugeuka mawingu ya chini yanayoweza kuziba jua kutwa. Jijini Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, joto la mchana mwezi wa Julai kwa kawaida huishia karibu nyuzi 21 au 22 za Selsiasi, na usiku hushuka hadi karibu nyuzi 12. Kila mita 100 za kupanda huondoa zaidi ya nusu nyuzi. Kinangop, ambako mashamba mengi yako kwenye mita 2,500 hivi, ni rahisi kukisia hali inavyokuwa alfajiri.

Magharibi ya Bonde la Ufa mambo ni mengine. Kitale na Eldoret hupata mvua nyingi Julai na Agosti, na mkulima wa huko akiufuata ushauri wa Limuru neno kwa neno atapotea. Maelezo haya yanahusu zaidi nyanda za juu za kati: Kiambu, Nyandarua, Nyeri, pamoja na sehemu za juu za Nakuru kama Molo na Mau Narok ambako baridi haina msamaha.

Hasara nyingi za msimu huu hazitokani na baridi yenyewe. Hutokana na kalenda. Mboga ya kuvunwa Julai na Agosti huanza maisha yake Machi na Aprili, udongo ukiwa bado na joto na mvua ya masika ikianza kunyesha. Mkulima anayesia mbegu Juni, baada ya kusikia sokoni kwamba bei imepanda, anaiomba mbegu ifanye kazi ambayo udongo hauiruhusu.

Tofauti yenyewe si ndogo. Mbegu ya nyanya kwenye udongo wenye nyuzi 25 huchomoza kwa siku sita hivi. Kwenye nyuzi 15 huchukua takriban wiki mbili, na kwenye nyuzi 10 hupita wiki sita, iwapo haijaoza. Kabichi ni ngumu zaidi, lakini nayo hutoka siku sita kwenye nyuzi 20 hadi siku 15 kwenye nyuzi 10. Karoti, siku saba hugeuka 17. Katika muda huo wote mkulima anangoja, kwekwe hazingoji, na kila usiku wa unyevu ni karamu ya viini vya kuozesha.

Wakulima wa nchi za kaskazini, ambao majira yao ya baridi huja na theluji, walilazimika kulielewa jambo hili mapema. Katika karne ya 19, wakulima wa mboga waliouzunguka mji wa Paris walikuwa wakiwauzia wenyeji letusi na figili katikati ya majira ya baridi. Walifunika miche kwa vioo vyenye umbo la kengele, na kutandika samadi mbichi ya farasi chini ya vitalu ili joto la kuoza kwake lipashe udongo. Karibu zaidi na wakati wetu, mkulima Eliot Coleman wa jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, alionyesha kwamba kivungulio cha plastiki kisichopashwa moto, kikiongezewa ndani yake kitambaa chepesi juu ya matuta, kinatosha kuhifadhi spinachi, karoti na mboga za saladi huku nje ardhi ikiwa imeganda.

Wengi wanaosoma habari zake hukimbilia plastiki. Siri haiko hapo. Katika eneo lake, kuanzia mapema Novemba hadi mapema Februari mchana huwa mfupi kuliko saa kumi, na mimea karibu husimama kukua. Kwa hivyo mbegu nyingi husiwa Agosti na Septemba, ili mboga iwe imekaribia kukomaa giza linapoingia. Baada ya hapo haikuzwi tena. Inangoja ardhini na kuvunwa kidogo kidogo, shamba likiwa ghala.

Mkulima wa Kenya ana bahati ambayo yule wa Maine hana. Ikweta inapita katikati ya nchi na mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima. Kinachopungua wakati wa kipupwe ni ukali wa mwanga na joto, si urefu wa siku. Mimea haisimami, bali hujikokota. Kabichi ambayo mfuko wa mbegu unaahidi kukomaa kwa siku 90 baada ya kupandikizwa inaweza kudai wiki tatu au nne zaidi katika sehemu za juu, na anayepanga karo ya muhula wa tatu kwa kutegemea tarehe iliyoandikwa kwenye mfuko ajiandae kukopa.

Uchaguzi wa zao ndio uamuzi wa pili kwa uzito. Jamii nzima ya kabichi, yaani kabichi yenyewe, sukuma wiki, brokoli na koliflawa, huvumilia baridi vizuri. Ndivyo ilivyo pia kwa spinachi, karoti, bitiruti, liki, vitunguu na letusi. Baadhi ya hizi hata hunufaika. Sukuma wiki na karoti zinapohisi baridi hukusanya sukari ndani ya seli ili maji yaliyomo yasigande kwa urahisi, ndiyo sababu sukuma wiki ya Kinangop ya mwezi wa Julai huwa na utamu ambao ile ya nyanda za joto haina. Ni ajabu kwamba wauzaji wachache mno huutaja utamu huo kwa wateja wao.

Upande wa pili wamo wageni kutoka nchi za joto: nyanya, pilipili hoho, biringanya, maharagwe, matango na malenge. Hizi haziuawi na sakitu pekee. Huumia hata kabla ya maji kuganda. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 au karibu na hapo, chavua ya nyanya hudhoofika, maua hudondoka bila kutunga, na yale machache yaliyotunga hukawia kuiva. Hapo ndipo kivungulio kinapokuwa na maana, kwa sababu nyanya huadimika msimu huu na bei yake huweza kulipia gharama. Kwa sukuma wiki, kivungulio ni anasa isiyo na hesabu.

Minji ina hila yake. Majani yake hustahimili sakitu nyepesi, lakini maua na maganda machanga huungua, hivyo mkulima huweza kuona shamba la kijani kibichi lisilo na cha kuvuna. Karoti na kabichi nazo zina hila nyingine. Miche iliyokwisha kunenepa ikikaa wiki kadhaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10, huweza kudhani imekwisha kupitia majira ya baridi ya Ulaya na kwamba sasa ni wakati wa kuzaa mbegu. Hutoa shina refu la maua badala ya kichwa au mzizi. Dawa ya hilo haipo. Kinga ni kupanda aina iliyothibitika katika eneo husika na kutopandikiza miche iliyopitiliza umri kitaluni.

Kitalu chenyewe kinastahili nafasi bora kuliko zote shambani: panapopata jua la asubuhi, panapokingwa na upepo, na palipoinuliwa ili maji yasituame. Miche inayolelewa msimu huu hufa zaidi kwa kuozea shinani kuliko kwa baridi, na mara nyingi mwuaji ni ndoo ya maji. Ardhi ikiwa baridi na anga ikiwa na mawingu, kumwagilia asubuhi mara moja baada ya siku mbili au tatu huweza kutosha. Wiki moja kabla ya kupandikiza, miche ipunguziwe maji na kuondolewa kivuli ili ikakamae. Mche laini ulionyweshwa na kutiliwa mbolea ya chumvichumvi hadi siku ya mwisho huingia shambani ukiwa na majani mazuri na ngozi ya mtoto mchanga.

Kuna dalili moja inayowapotosha wengi. Majani ya kabichi au nyanya changa yakianza kuwa na rangi ya zambarau, mkulima hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya kuvu. Aghalabu hakuna ugonjwa. Mizizi iliyomo katika udongo baridi hushindwa kufyonza fosforasi hata kama imo kwa wingi. Vivyo hivyo, vijidudu vinavyoozesha samadi na kuachilia naitrojeni hufanya kazi polepole, na mimea huwa na umanjano wa njaa juu ya tuta lililojaa mbolea. Samadi iliyooza vizuri na mboji iliyochanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda husaidia kuliko ile inayomwagwa juu Julai kwa kukata tamaa.

Magonjwa ni sura ya kipupwe ambayo wakulima wa viazi na nyanya hawahitaji kuelezwa. Bakajani chelewa, ambayo wengi huiita blaiti, hupenda hali ileile inayotawala wakati huu: ubaridi wa wastani, manyunyu, na majani yanayokaa na umande kwa zaidi ya saa kumi. Ni ugonjwa uleule uliovamia viazi vya Ireland mwaka wa 1845 na kuleta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja. Shamba lililo zima Jumatatu huweza kuwa meusi wiki inayofuata. Kiazi aina ya shangi, kinachopendwa kwa kukomaa haraka na kuiva upesi jikoni, hakina nguvu mbele yake.

Dawa za kuvu zipo, lakini nyingi ni za kukinga. Ugonjwa ukishaenea huwa ni kupoteza fedha. Kutumia aina moja mfululizo nako huvifunza viini kuizoea. Kabla ya dawa kuna mambo yasiyogharimu kitu: kupanua nafasi kati ya mistari ili upepo upite, kufungia nyanya juu ya vijiti, kuondoa majani ya chini yanayogusa udongo, kung'oa viazi vilivyojiotea kutoka msimu uliopita, na kutoingia shambani majani yakiwa na maji. Shamba dogo lina faida hapa. Mwenye robo ekari anaweza kulikagua lote kabla ya chai ya asubuhi na kuliondoa jani la kwanza lenye doa.

Wadudu, kwa upande mwingine, hupungua kasi. Nondo anayetoboa kabichi hukua polepole kwenye baridi, na anayepulizia dawa kwa ratiba ya Januari anapulizia hewa. Konokono ndio huongezeka, nao huokotwa kwa mkono jioni.

Sasa sakitu, adui ambaye hana uhusiano na mawingu hata kidogo. Wakulima wengi huichanganya na baridi ya kipupwe kana kwamba ni kitu kimoja. Mawingu ni blanketi: hurudisha chini joto ambalo ardhi inalitoa usiku. Sakitu huja blanketi hilo linapoondolewa, usiku wa nyota na utulivu, wakati joto la udongo na majani linapopaa bila kizuizi. Jani huweza kuwa baridi kuliko hewa iliyo juu yake kwa nyuzi kadhaa, ndiyo maana umande huganda juu ya kabichi ilhali kipimajoto kilichotundikwa barazani kinasoma nyuzi tatu au nne. Kwa sababu hiyo katika nyanda za juu za Kenya sakitu huogopwa hasa wakati wa kiangazi, kati ya Desemba na Februari. Mapema mwaka wa 2012 iliunguza mashamba ya majani chai katika maeneo ya Kericho na Nandi. Hata hivyo, katika sehemu za juu kabisa mawingu ya Julai au Agosti yakifunguka usiku mmoja tu, hatari ni ileile, na mimea haikuitarajia.

Hewa baridi ni nzito na hutiririka kama maji. Kinangop huipokea kutoka kwenye safu za milima ya Nyandarua, na ndani ya shamba moja hutafuta bonde na kutuama humo. Mwenye kishamba cha mteremko ataona kwamba mistari ya chini huungua na ile ya juu hupona. Basi sehemu ya chini apande sukuma wiki au liki, na viazi na maharagwe yapande juu. Ua mzito uliokatiza mteremko upande wa chini hufanya kazi ya bwawa: huizuia baridi ndani. Ukipunguzwa au kufunguliwa mlango, hewa hiyo huendelea na safari yake.

Usiku wa hatari hutambulika jioni: anga imesafika, upepo umekufa, na baridi inauma mapema. Udongo wenye unyevu hushika joto la mchana na kulitoa usiku kuliko udongo mkavu, hivyo kumwagilia mchana wa siku hiyo ni kinga halisi. Ushauri kuhusu matandazo unahitaji tahadhari. Nyasi kavu zilizotandazwa kati ya mimea huhifadhi maji vizuri, lakini huzuia joto la udongo lisipande, na mimea iliyo juu yake huungua zaidi. Nyasi hizohizo zikiwekwa juu ya miche, au magunia na majani ya migomba yakiegemezwa kwenye vijiti, hufanya kazi ya mawingu. Yawekwe kabla jua halijatua na kuondolewa asubuhi. Plastiki nyembamba hupitisha joto linalotoka ardhini, kwa hivyo jani linaloigusa huungua. Kitambaa au gunia ni bora.

Wapo wanaochoma magurudumu na majani mabichi ili moshi uifukuze sakitu. Moshi hauna uwezo huo. Kinachosaidia kidogo ni joto la moto wenyewe, tena mioto midogo mingi, na gharama ya kuni hizo hailingani na kabichi. Kunyunyizia maji usiku, kwa upande mwingine, hufaulu kwa sababu maji yanapoganda hutoa joto, lakini ni sharti yaendelee kumiminika hadi barafu iyeyuke yenyewe asubuhi. Anayefunga bomba saa kumi alfajiri ameiongezea mimea baridi.

Asubuhi ikimkuta mkulima na majani meusi, subira ina faida. Mboga iliyoganda isiguswe wala kuvunwa hadi iyeyuke. Kabichi na sukuma wiki mara nyingi hurudi hali yake kufikia adhuhuri. Viazi vichanga vilivyoungua juu huchipua tena kutoka chini ya udongo, na wanaoving'oa siku hiyohiyo hutupa kilichosalia. Maharagwe hayarudi.

Suala la soko haliepukiki. Kwa kuwa karibu kila shamba la nyanda za juu hupandwa kabichi mvua ya masika ikianza, vichwa hukomaa kwa pamoja na magari ya kwenda Marikiti, Nairobi, au Kongowea, Mombasa, hupakia kwa bei ya kutupa. Madalali hulijua hilo na hawana haraka. Hapa baridi, iliyomchelewesha mkulima miezi yote hiyo, humlipa sehemu ya deni. Karoti, liki na kabichi zilizokomaa husubiri shambani kwa wiki kadhaa bila kuharibika, jambo lisilowezekana kwenye joto. Kabichi inayokaribia kupasuka kwa mvua huweza kushikwa kichwa na kuzungushwa kidogo ili baadhi ya mizizi ikatike; hupunguza kunywa maji na hukaa zaidi. Mwenye matuta manne yaliyopandwa kwa kupishana wiki mbili au tatu, kuanzia Machi, ana nafasi ya kukataa bei ya dalali wa kwanza. Mwenye tuta moja kubwa la Aprili hana.

Kufikia katikati ya Agosti mawingu huanza kutoboka saa sita mchana na udongo kupata joto. Ndio wakati wa kusia kitalu cha nyanya na hoho za mvua ya vuli, huku sukuma wiki ya Machi ikiendelea kuchumwa majani ya chini.